Mtoto wa miaka 8 kusafiri peke yake Dar–Mwanza

Dada, kumpeleka mwanao wa miaka 8 kwa bibi yake Mwanza kwa ndege bila mtu mzima inawezekana. Mashirika mengi hupokea watoto kuanzia miaka 5. Ila usikate tiketi mtandaoni. Nenda ofisini kwao au piga simu mapema useme wazi anasafiri peke yake, maana kuna fomu ya kujaza na mara nyingi ada ya ziada. Jina la bibi liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Mhudumu hamkabidhi mtoto kwa mtu asiyeandikwa, hata awe mjomba wake. Chagua ndege ya asubuhi, ya moja kwa moja. Na tafadhali, usiondoke uwanjani mpaka ndege iruke.