Kufanya biashara na serikali mpya ya kikomunisti ni haramu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nchi niliyokuwa nanunua bidhaa zangu sasa wameshika wakomunisti, muuzaji ni kampuni ya serikali tu. Ustadhi wetu kasema anayefanya nao biashara anakula haramu, na mama kaacha kula chakula ninachopeleka nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Hapo kwa mama ndo paliponiumiza ndugu yangu, mtu unahangaikia halali halafu sahani inarudi jikoni haijaguswa.

Kuuziana nao inajuzu. Hoja ya ustadhi naijua, eti Mtume ﷺ aliuziana na Mayahudi kwa vile ni watu wa kitabu ila hawa wanamkana Mungu kabisa. Sasa yule mshirikina aliyepita na kondoo wake, Mtume akamuuliza unauza au zawadi, akanunua mmoja, iko kwenye Bukhari, yule alikuwa na kitabu gani? Na wanaosema pesa yako inautia nguvu ukafiri wasome habari ya Thumama bin Uthal, mkuu wa watu wa Yamama huko Arabuni, aliposilimu alizuia nafaka ya Yamama isiende Makka, na Makka wakati huo ni maadui wa wazi, Waquraishi wakamlalamikia Mtume na akaagiza waachiwe chakula chao. Hata Wasovieti, wakomunisti wa Urusi, 1926 ndo walikuwa wa kwanza kumtambua Mfalme Abdulaziz kule Hijazi na bidhaa zao zilishushwa Jidda, mlangoni kabisa mwa Makka. Kuharamisha alichohalalisha Allah ni jambo zito, sio la kurusha tu kwenye mimbari.

Mimi kinachonitia wasiwasi hukukiuliza. Serikali hizi zikianza huwa zinataifisha mashamba, viwanda, maghala, na wenyewe wengi hawalipwi chochote. Wewe ulikuwa unanunua huko zamani, kwa hiyo gunia likija bado lina alama ya tajiri wako yule yule na unajua kanyang'anywa, usilichukue hata kwa bei ya kutupa, hiyo ni mali ya ghasbu, yaani iliyoporwa kwa nguvu, na huna udhuru wa kusema hujui. Ila kilichozalishwa baadae ambacho hujui asili yake hulazimiki kuchimba. Na mkataba usome mwenyewe, ukikuta riba ya kuchelewesha malipo waambie waitoe kabla hujasaini.

Mama usimshinde kwa hadithi hizi. Kaa nae umueleze mzigo umetoka wapi, na kama una kipato kingine mnunulie chakula kwa hicho mpaka moyo wake utulie. Ustadhi mfuate kwake faragha, sio mbele ya watu baada ya swala.