Maswali yenu: msikiti, kanisa na mabaniani wa Mji Mkongwe

Eti kanisa la Mkunazini kweli limejengwa palipokuwa soko la watumwa? Na saa yake katoa Sultani?

Kweli tupu. Soko lilifungwa 1873 zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, na Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi palepale. Sasa hapa ndo pananoga, sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kibaniani, Jairam Senji, yani Mhindu anawapa Wakristo ardhi kwenye mji wa Mfalme Mwislamu! Kuhusu saa, wazee wanasimulia Barghash alisema chukueni, ila mnara wenu usiizidi Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Sultani. Askofu Steere, wa Waanglikana haohao, kazikwa humo humo, nyuma ya altare.

Masultani walikuwa Maibadhi (dhehebu la Kiislamu lenye wafuasi wengi Oman), raia wengi Masuni. Walikaaje?

Kila mtu na msikiti wake, na makadhi walikuwepo wa Kisuni na wa Kiibadhi. Misikiti ya Kiibadhi ya zamani mingi haina mnara, unaweza ukapita ukadhani nyumba ya mtu. Ila msinambie ilikuwa peponi jamani, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa ndani na Barghash huyuhuyu kwa kuupinga Uibadhi, akatoka Barghash alipokufa, 1888.

Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alikuwa Mhindu au Mwislamu?

Wala. Mparsi, dini yao ya Zoroasta, dini ya kale ya Uajemi. Kazaliwa Unguja 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya mapinduzi.

Kwa hiyo zamani mtu akitaka kubadili dini anabadili tu?

Weee! Hapo ndo penye mwiba. Mgeni kuabudu kwake sawa, ila mtoto wa nyumbani akihama ni habari nyingine. Muulizeni Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said: kapata mimba ya Mjerumani, 1866 akatoroka usiku na manowari ya Waingereza mpaka Aden, akabatizwa huko akaitwa Emily na siku hiyohiyo akaolewa. Huyu ndo dada aliyekuwa akimwandikia Barghash barua zake 1859 alipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, msichana mdogo anajua kuandika, kahatarisha shingo yake. Aliporudi 1885 kudai urithi, Barghash, yuleyule wa saa ya kanisa, hakutaka hata kumuona.