Tuliyoyapanga kabla ya leba, na lile tulilolisahau

Chupa ilipasuka saa 9 usiku. Nilikuwa nimeamka kwenda msalani, nikahisi maji ya uvuguvugu yanashuka miguuni, nikasimama palepale mlangoni nikimwita mume wangu kwa sauti ndogo, kana kwamba nikipaza sauti mtoto atadondoka. Akaamka, akawasha taa, akayatazama maji sakafuni. Hakuuliza tufanye nini. Alimpigia simu jirani yetu mwenye gari, akalivuta begi lililokuwa chini ya kitanda tangu wiki ya 34, akanisaidia kuvaa dera kavu. Dakika 20 baadaye tulikuwa barabarani.

Ndugu na marafiki wanaotarajia mtoto wa kwanza huniuliza zaidi vitu vya kununua. Vitu vina umuhimu wake, nitavitaja. Ila kilichotubeba sisi ni mambo tuliyokuwa tumeshayaamua nyumbani, tukiwa tumekaa na akili zimetulia. Na usiku wetu mgumu kuliko yote pale hospitalini ulitokana na jambo moja ambalo hatukuwahi kulizungumza.

Tunakaa Kigamboni, Dar es Salaam, na hospitali tuliyoichagua iko ng'ambo, upande wa mjini. Mjamzito wa Kigamboni hana budi kufikiria kuvuka. Kivuko cha feri ukikikuta kinaondoka ni dakika chache tu, lakini usiku ukikikosa unakaa na uchungu wako kwenye benchi. Tangu daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 tuna njia ya pili, na sisi tuliamua mapema: iwe usiku au mchana, tunapita darajani. Tuliijaribu njia hiyo mara mbili, mojawapo jioni ya foleni, ili tujue inachukua muda gani. Jirani alikubali kupigiwa simu saa yoyote, na tulikuwa na namba ya kijana wa bajaji endapo jirani angekuwa safarini. Bodaboda tuliiondoa kabisa kwenye mahesabu. Pesa ya daraja na ya mafuta ilikaa kwenye mfuko wa nje wa begi, noti ndogondogo, na hakuna aliyeigusa hata tulipoishiwa gesi ya kupikia.

Kuna jambo lingine tulilolijua mapema kwa sababu mume wangu alikuja nami kliniki siku ya kwanza kabisa. Akina baba, twendeni kliniki na wake zetu, nawaomba sana. Mnapima pamoja, mnasikia maelezo pamoja, na katika kliniki nyingi mama aliyekuja na mwenzake huhudumiwa mapema. Siku ile ndipo tulipojua kwamba damu yangu ni kundi O negativu, na ya mume wangu ni O pozitivu.

Nesi alituelewesha taratibu. Mama mwenye damu negativu anaweza kubeba mtoto mwenye damu pozitivu kwa sababu ya baba. Damu ya mtoto ikichanganyika na ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unajifunza kuipiga vita. Mtoto wa kwanza mara nyingi anakuwa ameshazaliwa salama, lakini mimba inayofuata inaweza kuingia matatani, maana mwili sasa una silaha tayari. Kinga yake ni sindano ya anti-D, ambayo mama anapaswa kuipata ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ataonekana ni pozitivu. Sindano hiyo si kila hospitali inayo, na bei yake inauma. Tuliiwekea kibubu chake peke yake. Nilipofikisha wiki ya 36 mume wangu alizunguka kwenye maduka ya dawa akapata mawili yenye nayo, akaandika namba zao za simu nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Kama hujui kundi lako la damu na una mimba, uliza ukienda kliniki. Litafute kwenye kadi yako kwa macho yako mwenyewe.

Begi sitalisemea sana. Doti tatu za kanga zilizofuliwa mpaka zikalainika, pedi kubwa, mpira wa kujifungulia, glovu, kofia na soksi za mtoto, beseni, ndala, chaja ya simu. Hospitali itakupa orodha yake, ifuate. Mimi ningeongeza kijiko kidogo cha chai na kikombe chenye mfuniko. Sababu inakuja.

Tulifika kabla ya adhana ya alfajiri. Nikapimwa, njia ikiwa imefunguka sentimita 4. Hospitali ile haiwaruhusu waume kuingia leba, kwa kuwa vitanda vimetenganishwa kwa mapazia tu na kuna wanawake wengine. Hilo tulikuwa tumeliuliza, kwa hiyo hatukugombana na mtu mlangoni. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba yeye anakaa kwenye benchi la nje, simu ina chaji, haendi kunywa chai bila kumwachia mdogo wangu nafasi yake. Hata hivyo kidogo wapishane na nesi. Pale nje ndugu huitwa kwa jina la mgonjwa: "Ndugu wa fulani!" Kadi yangu ina jina langu na la baba yangu, na nesi aliita jina la baba peke yake. Mume wangu alikuwa anasubiri kusikia jina analoniitia nyumbani. Mdogo wangu ndiye aliyemshtua. Akina baba, majina yote yaliyoandikwa kwenye kadi ya mkeo yashike kichwani.

Uchungu sitausimulia kwa urefu, kila mwanamke na wake. Nitasema tu kwamba mkunga wa zamu ya asubuhi, mama wa makamo mwenye mikono ya moto, alinifundisha kupumua kwa kunihesabia, na kila uchungu ulipopoa aliniambia, "Huo umepita, mwanangu, haurudi tena huo." Nililishikilia neno lile kama kamba. Saa 8 mchana na dakika chache mwanangu akatoka. Walimfuta, wakamweka kifuani kwangu bado ana unyevu, wakatufunika kanga wote wawili. Alikuwa wa moto kuliko nilivyotarajia. Alifungua jicho moja, akalifumba. Kilo 2.9, msichana. Mkunga akanichoma sindano ya paja ili kondo la nyuma litoke na damu ipungue, kisha akawa ananikanda tumbo kila baada ya muda kuangalia kama mfuko wa uzazi umekaza. Inauma, lakini mwache afanye. Ukiona baada ya kujifungua hakuna anayekuja kukuangalia, ita. Mama anaweza kupoteza damu nyingi kimyakimya akiwa amelala.

Saa 10 jioni, muda wa kuona wagonjwa, mume wangu aliingia. Alinawa mikono kwenye sinki, akaitazama, akanawa tena. Akampokea mtoto kama mtu anayepokea sahani iliyojaa mchuzi, akageukia dirishani na kumsomea adhana kwenye sikio la kulia. Alianza vizuri. Alipofika "hayya alal-falah" sauti ikakatika, akanyamaza, akavuta pumzi, akaimaliza kwa kunong'ona. Wanawake wa vitanda vya jirani wote walikuwa kimya. Alhamdulillah, hata ningesahau yote mengine, ile sauti inatosha.

Sasa nije kwenye lile tulilolisahau.

Usiku ule aliruhusiwa ndugu mmoja wa kike, na aliyebaki nami ni mama mkwe. Namheshimu na alinihudumia kama mwanawe: alinibadilisha kanga, alininywesha uji wa pilipili manga, alinishika mkono kwenda msalani. Lakini kuanzia saa 3 usiku mtoto alikataa kunyonya. Anashika, anaachia, analia. Mimi nikibana ziwa naona kama halina kitu. Mama mkwe akatoa kwenye kikapu chake chupa ya maji na pakiti ya glukosi. "Mpe kidogo, mwanangu. Wote hawa nimewalea hivi, akiwemo baba yake."

Nilijua kwamba mtoto hapewi kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama kwa miezi 6, hata maji. Nilifundishwa kliniki, na mume wangu alikuwepo. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amemwambia mama yake. Nikajikuta saa 5 usiku, nina nyuzi mbili, sijalala siku nzima, namkatalia mkwe wangu mbele ya wodi nzima. Nilisema "hapana, mama" mara ya kwanza kwa upole. Mara ya tatu nilisema kwa ukali, na nililia. Yeye akarudisha chupa kikapuni bila neno, akanigeuzia mgongo.

Nesi wa usiku alisikia kilio akaja. Hakumgombeza mtu. Aliomba kijiko, tukaazima kwa kitanda cha pili. Akanionyesha: kidole gumba juu, vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu, unasukuma kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Mara mbili hakuna kitu. Mara ya tatu likatoka tone moja, la njano kama kiini cha yai la kienyeji, zito, likakaa kwenye chuchu halianguki. Akalikinga na kijiko. Tone la pili. La tatu. Ilituchukua robo saa kufunika kitako cha kijiko. "Hiki ndicho chakula chake cha leo," akasema. "Tumbo lake ni kama gololi, anataka kidogo sana." Akagusisha kijiko kwenye mdomo wa chini, mtoto akatoa ulimi, akalamba, akatulia. Tulirudia kila baada ya saa mbili mpaka alfajiri, ndipo akashika ziwa vizuri kwa mara ya kwanza.

Hayo ndiyo dang'a, maziwa ya mwanzo. Wengi wetu tumeambiwa ni maziwa machafu, yakamuliwe yamwagwe. Yana kinga ambayo mtoto haipati dukani. Usiyamwage hata tone.

Kwa hiyo ushauri ninaouona mkubwa kuliko mwingine wote ni huu: kabla ya wiki ya 36, kila mmoja aongee na mama yake mwenyewe. Mume na mama wa mume, mke na mama wa mke. Waambieni mlivyofundishwa kliniki kuhusu maji, glukosi, asali, kitovu, na nani atalala wodini. Waambieni nyumbani, mkiwa mmekaa, kwa adabu, mkiwauliza na wao wanaona nini. Mkwe hatakiwi kuyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkamwana aliye kitandani.

Asubuhi majibu ya damu ya mtoto yakawa yametoka: O pozitivu. Duka la kwanza lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa limeishiwa sindano ya anti-D. La pili lilikuwa nayo moja. Dawa ile hukaa kwenye ubaridi, kwa hiyo mfamasia aliifunga kwenye kiboksi chenye barafu na kumwonya mume wangu isigande. Saa 5 asubuhi nilichomwa, ndani ya siku moja tangu nijifungue. Kama tungeanza kuitafuta siku ile, sijui tungeipata saa ngapi.

Kabla ya kuruhusiwa mtoto alichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani na kupewa matone ya polio. Tulipewa tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Isomeni herufi kwa herufi mkiwa bado dirishani. La kwetu lilikuwa limekosewa jina la babu, likarekebishwa palepale kwa dakika 5. Cheti kiombeni ndani ya siku 90, msiache kikageuka kazi ya mwaka wa shule.

Nesi alitutajia pia dalili za kuturudisha haraka. Kwangu: pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, homa, harufu mbaya. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka, mwili kuwa wa moto au wa baridi, macho au ngozi kuwa njano, kitovu kutoa usaha. Mume wangu alizirekodi kwenye simu kwa sauti ya nesi mwenyewe, kwa ruhusa yake. Tulizisikiliza tena siku ya nne, mtoto alipokuwa njano kidogo machoni, tukavuka naye kurudi. Aliangaliwa, akapimwa, tukaambiwa tumnyonyeshe mara nyingi zaidi na tumlete siku ya 7. Yakaisha.

Neno moja kwa baba walioajiriwa. Sheria ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba angalau siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mume wangu alitumia mbili akiwa kwenye benchi la hospitali, ambako mdogo wangu angeweza kukaa baadhi ya saa. Siku nilizomhitaji zaidi ni ya nne na ya tano, nyumbani, maziwa yamejaa, kifua kama jiwe, nalia bila sababu. Kama una siku za likizo ya mwaka, zitunze kwa wakati huo.

Na mama mkwe? Hakusema nami vizuri kwa wiki nzima. Alikuja kwenye akika, alipika, alisalimia wageni wote, kwangu alipita. Usiku ule mume wangu alikwenda kukaa naye kwenye mkeka uani. Alimwambia kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyepaswa kumweleza mapema, na kwamba mimi nilibeba mzigo uliokuwa wake. Kesho yake asubuhi mama mkwe alibisha hodi na ndoo ya maji ya moto. Alikuja kunikanda, kama anavyokandwa mzazi yeyote kwetu. Nikamwambia nesi amekataza maji ya moto kwenye nyuzi, na kitovu cha mtoto kisipakwe kitu. Akasikiliza, akauliza, "Mgongo na miguu je?" Nikasema mgongo na miguu sawa, mama. Akavuta kigoda, akachovya taulo, akalikamua, na alikuja kila asubuhi mpaka arobaini.