Unauliza Kamera Gani, Uliza Kwanza Gari la Nani

Tangu niweke mtandaoni ile picha ya gari la zamani, Peugeot 404, nililolikuta Iringa, simu haitulii. Swali ni lile lile: "Kaka, unatumia kamera gani?" Natumia simu. Tena yenyewe kioo kina ufa. Haya, tuongee ya maana.

Habari za ile 404 nilizipata gereji, nikinywa chai na mafundi. Mmoja akasema ipo uani kwa mzee fulani, iko juu ya mawe, imefunikwa turubai. Mtu mwenye papara angeruka ukuta, na angekula virungu kwa haki kabisa. Mimi nilibisha hodi, nikaamkia. Mzee aliitikia marahaba huku akinitazama juu mpaka chini, kisha akauliza, "Umetumwa na watu wa chuma chakavu?" Nikamtajia Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Basi! Nikaletewa kigoda, hadithi zikaanza, na turubai akalivua mwenyewe. Picha zenyewe hazikuchukua hata dakika kumi.

Ndiyo maana nawaambia vijana, mjue gari kabla hujalielekezea simu. Anza na Land Rover, maana bado zimejaa wilayani. Taa za mbele zikiwa zimebanana katikati, ndani ya shoo, ile nyavu ya mbele ya rejeta, hiyo ni ya zamani kweli. Zilianza kuhamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60. Shoo ya plastiki ni dalili ya Series III, toleo la tatu la Land Rover, lililoanza 1971. Lakini shoo hubadilishwa, na mafundi wetu mnawajua, gari moja linaweza kuwa na vipuri vya magari matatu. Kwa hiyo chungulia ndani: spidomita ikiwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, hapo umepata ya kabla ya Series III. Wala bodi kung'aa kusikubabaishe. Ile ni aluminiamu. Kutu itafute chini, kwenye chasisi.

Kwenye malori, mimi hupiga mlango peke yake: jina la mwenye mali, S.L.P., uzito, vyote vimeandikwa kwa brashi na mkono wa mtu, rangi imepauka lakini herufi bado zimenyooka. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na taa. Nenda asubuhi au jioni, jua la mchana linaua rangi. Kwa upande wa ufundi, hayo yanatosha.

Kuna jambo bado linaniuma. Picha yangu ya lori la Bedford ilitokea kwenye kalenda ya kampuni moja, jina langu limekatwa pembeni. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Si uliiweka mtandaoni mwenyewe?" Mwenye lori hakupewa hata kalenda moja ya kutundika ukutani! Nyie mnaochukua vya watu, jasho la mtu haliliwi hivyo. Na nyie wapiga picha msijione watakatifu: wangapi mmewahi kumrudishia mwenye gari picha yake? Isafishe, mpelekee mkononi. Mzee wa Iringa nilimpelekea, akanielekeza kwa rafiki yake mwenye Datsun.

Jambo la mwisho, na hili sitanii: msitaje mtaa. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wana simu, na gari lililolala miaka yote linaweza kukatwa vipande kabla hujarudi.

Halafu yule aliyeniandikia kuwa Makambako kuna Fiat 682, yale malori yaliyobeba mizigo ya Zambia baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965, anijibu tafadhali. Hata kama imebaki kabini tu. Nauli ninayo.