Mradi wa picha za galari ya mtaa: anza Jumatatu, si siku ya ufunguzi

Wapigapicha wanaoniuliza kuhusu mradi wa galari ya mtaa huanza na lenzi, kisha wanahamia tarehe ya ufunguzi wa maonyesho. Lenzi tutafikia. Ufunguzi nenda, lakini nenda unywe soda kama wageni wengine.

Kwa muda ambao nimekuwa nikipiga picha kwenye galari za jamii hapa Kisumu, sijaona picha ya ufunguzi iliyonifunza chochote kuhusu mahali penyewe. Ni maikrofoni, mheshimiwa aliyechelewa, utepe na makofi, na kila mtu anajua kamera iko wapi. Jumatatu yake ndiyo galari yenyewe. Ufunguo uko kwa nani? Nani anafagia? Kodi ya mwezi huu inatoka wapi? Yule kijana aliyeleta kanvasi kwa bodaboda kutoka Nyalenda, akiishikilia isipeperushwe na upepo, nauli amelipiwa au amejilipia?

Kwa hiyo, kabla ya kupanga siku za kupiga, andika swali moja ambalo mradi wako unalijibu. "Kuonyesha sanaa ya Kisumu" si swali, hayo ni maneno ya kuombea ufadhili. Mimi hupenda hili: kazi ikitoka mkononi mwa msanii, inapita wapi hadi izae pesa au irudi chini ya kitanda? Ukiwa na swali la namna hiyo, orodha ya picha inajiandika. Utajikuta kwa fundi wa fremu, kwa seremala anayemkopesha msanii mbao, kwa mama anayefinyanga karatasi kutoka kwa gugumaji la ziwani, kwa mtu anayetengeneza mikoba ya ngozi ya samaki mbuta. Ikiwa galari inapokea vinyago vya mawe ya Kisii, safari yako inaanzia machimboni Tabaka, huko Kisii, si mlangoni pa galari. Chagua kazi moja au mbili uzifuate hadi mwisho, hata kama mwisho ni stoo. Kazi isiyouzwa ina picha nzuri kuliko iliyouzwa, na wengi hawaipigi.

Wiki za mwanzo zungumza zaidi ya unavyopiga. Msalimie soja wa lango kabla ya mkurugenzi, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani huingia saa ngapi. Kama Kijaluo chako ni cha kuombea maji, salimu kwa hicho hicho; watakucheka, kisha watakuonyesha mambo. Uliza pia wasanii wasiopatana na galari. Kila galari ya jamii ina kundi lililojitenga kwa sababu ya kamisheni au ya nani alichaguliwa kwenda maonyesho ya Nairobi, na mradi usiowasikia hao unageuka kuwa brosha.

Suala la ruhusa lina tabaka mbili, na watu huchanganya. Ya kwanza ni ya mtu anayeonekana. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na kwa mtoto unahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Sheria inatoa nafasi fulani kwa kazi za uandishi wa habari na za sanaa, ila usijifiche nyuma ya nafasi hiyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Galari nyingi huwa na darasa la uchoraji la watoto likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, na hizo ndizo picha utakazotamani sana. Peleka fomu mapema, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ikieleza picha zitatumika wapi na mzazi afanye nini akibadili nia. Usiwape watoto wabebe fomu nyumbani peke yao, zitarudi zimechorwa twiga.

Ya pili ni ya kazi ya sanaa yenyewe. Mchoro ukutani una hakimiliki ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ukiupiga ukajaza fremu nzima, umetengeneza nakala, hata kama galari imekuruhusu kuingia. Ruhusa ya galari si ruhusa ya msanii. Na wewe pia jilinde: kwa sheria ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mtu huwa na hakimiliki yake yeye aliyeagiza, msipokubaliana vinginevyo. Shirika likikulipa, soma mkataba hadi mstari wa mwisho, na usipokuwepo mstari unaosema hakimiliki ni ya nani, uombe uandikwe.

Sasa lenzi. Moja pana ya kadiri, 35mm au hata 28mm, inatosha karibu mradi wote, maana vyumba ni vidogo. Kinachosumbua ni mwanga. Galari nyingi za mtaani ni za mabati, na zimewekwa shiti moja au mbili za plastiki ili jua lipite. Shiti za kijani hupaka nyuso zote rangi ya mtu mgonjwa. Beba kadi ya kijivu, ile ya kupimia rangi halisi, ipige mwanzo wa kila chumba, na hifadhi faili ghafi (RAW) ili urekebishe baadaye. Taa za bei nafuu huchora mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde kwa kawaida huimaliza mistari hiyo. Mchoro wenye kioo au vanishi, simama ubavuni kidogo, au umwombe mtu ashike kitambaa cheusi nyuma yako.

Nje, kumbuka tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza linaingia upesi. Dhoruba za ziwani nazo hupenda alasiri, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Kelele ya mvua kwenye mabati itaharibu mahojiano yako ya sauti, basi rekodi asubuhi. Picha za mvua zenyewe ni nzuri mno, watu wakihamisha kanvasi kutoka panapovuja.

Bajeti sitaisema sana. Usafiri, kadi za kumbukumbu za kamera, nakala mbili za faili zinazolala nyumba tofauti, na pesa ya kuchapisha. Hiyo ya kuchapisha itenge mwanzoni. Chapisha picha ndogo studioni kila baada ya muda, uwape waliomo. Mtu akishika picha yake mkononi atakuambia ulichokosea kuona, na ataita mwenzake.

Wakati wa kuchuja, tandaza picha mezani palepale galarini, waliomo wazipangue. Sikiliza, lakini uamuzi wa mwisho ubaki wako, na liseme hilo siku ya kwanza ili pasiwe na ugomvi. Maonyesho yafanyie ndani ya galari hiyo hiyo kabla ya kupeleka picha popote. Chini ya kila picha weka jina la aliyemo kama anavyotaka liandikwe, jina la msanii wa kazi inayoonekana, mahali na mwaka. Maelezo ya Kijaluo mpe mzee au mwalimu ayasome kabla ya kwenda kwa mchapishaji, kwa sababu bango likishachapishwa, kosa utalilipia mara ya pili.