Kasha ambalo mwenyewe kapotea: karatasi badilisha, kopo liache

Mkuu, umesema umelikuta kasha chini ya benchi, mfuniko umepasuka, karatasi imekuwa uji, na ukiangalia ukurasa wa mwenyewe unaona hajaingia mtandaoni miaka mitatu. Unauliza kama unaweza kuweka kopo jipya ili wengine waendelee kulipata. Nimewahi kufanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya, nikajuta, ndiyo maana nitaandika kirefu. (Kwa wageni wa jiokeshingi: mtu anaficha kasha, anaweka kodineti zake (namba za mahali lilipo) mtandaoni, wengine wanalitafuta kwa GPS, wakilipata wanasaini karatasi iliyomo na kulirudisha palepale.)

Tuanze na karatasi, maana hilo ni jepesi. Karatasi badilisha, huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mimi natembea na vipande vilivyokunjwa tayari, vifuko viwili vitatu vya plastiki vyenye kufuli la kubana, kitambaa kikavu, kibano na penseli. Penseli, si kalamu: wino haushiki kwenye karatasi yenye unyevu. Kibano ni cha yale makopo madogo kama ncha ya kidole, ambayo karatasi yake inaingia kirahisi lakini kutoka ni vita. Karatasi ya zamani kama bado inasomeka iache humo, maana majina yaliyomo ndiyo kumbukumbu ya kasha. Ikiwa imeoza, piga picha ukurasa unaosomeka, uandike kwenye taarifa yako kwenye ukurasa wa kasha kwamba umeitoa.

Na kabla hujalaumu kopo, angalia maji yameingilia wapi. Mara nyingi kopo ni zima. Mtu aliyetangulia alikuwa na haraka, ncha ya kifuko ikabaki imebanwa kati ya mfuniko na mdomo wa kopo. Ule mkunjo mdogo unatosha kabisa, maji yanapanda nao taratibu mpaka ndani. Nimefungua makasha mengi yaliyolowa nikakuta ncha hiyo ya plastiki inachungulia nje kama ulimi. Ukiikunja na kuisukuma ndani, ukafuta ukingo wa mfuniko mchanga ukatoka, umemaliza kazi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu navyo vikishashiba havifanyi lolote, vitoe tu.

Sasa kopo jipya. Kuna kasha nililitafuta mara mbili nikalikosa, na waliotangulia wanne nao walikuwa wameandika kwamba hawakuona kitu. Mwenyewe kimya. Nikajiambia limeibwa, nikachomeka kikopo changu chini ya jiwe mguuni mwa ukuta, nikasaini, nikaandika "nimelipata" na kuongeza kwamba nimelihuisha kwa niaba ya mwenyewe. Nilijiona msamaria mwema. Miezi minne baadaye mtu akaandika kwamba amekuta mawili, asaini lipi? Nikarudi. La asili lilikuwa hapo siku zote, kimo cha mkono, limenasa kwa sumaku nyuma ya chuma cha reli na limepakwa rangi ileile ya kijivu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti muda wote natafuta chini. Karatasi yake ilikuwa kavu, yenye majina ya tangu 2011, na nafasi bado ipo. Katikati ya hapo watu kadhaa walikuwa wamesaini kikopo changu wakidhani wamepata kasha lenyewe. Nilichukua cha kwangu, nikafuta "nimelipata" yangu ya uongo. Aibu niliimeza mwenyewe.

Hiyo ndiyo kasoro ya kutupia kopo. Wewe hujui la asili liko wapi, lilifichwaje, wala kama kweli halipo. Na hata ukipatia, umezalisha kasha lisilo na mtu. Likilowa tena nani ataambiwa? Wewe huwajibiki kwenye ukurasa, na mwenyewe hayupo. Unaahirisha tu. Najua la kwako ulilishika mkononi, hukulikosa kama mimi, lakini swali hilo la nani ataambiwa linabaki palepale.

Halafu tofautisha aliyepotea na aliyelala. Tarehe ya mwisho kuingia isikutishe sana, wako watu wameacha kucheza lakini barua pepe bado wanasoma. Niliwahi kumwandikia mmoja kupitia mfumo wa tovuti, mistari mitatu tu: kasha lako liko hali hii, je, utalishughulikia, au uko tayari kulikabidhi kwangu? Akajibu kesho yake kwamba alihama zamani na alikuwa amelisahau. Akajaza fomu ya kukabidhi, mimi nikakubali, kasha likawa langu na namba yake ileile na taarifa zake zote za nyuma. Lakini lazima aanzishe yeye. Kampuni inayoendesha mchezo haikupi kasha la mtu kwa sababu tu umelitunza, hata ungelibadilishia karatasi mara kumi.

Asipojibu? Hapo ndipo wengi wanaogopa kuonekana wachongezi. Weka taarifa ya kuomba mwenyewe aliangalie. Wiki kadhaa zikipita kimya, weka ile ya kumwita mkaguzi, yaani yule anayepitisha na kufunga makasha kwenye tovuti. Mkaguzi atalisimamisha, atampa mwenyewe muda, kwa kawaida kama mwezi hivi, na kusipotokea kitu atalifunga. Ukurasa haufutwi, hadithi zote zinabaki zinasomeka. Kinachotoka ni ile nukta kwenye ramani, na eneo linakuwa wazi, maana kopo haliruhusiwi kuwekwa chini ya mita 161 kutoka kopo la kasha lingine. Kusema ukweli, makasha mengi yaliyotelekezwa yanashikilia sehemu nzuri kuliko zote, na mtu mwenye ari anakosa pa kuweka la kwake.

Utaniuliza, mbona lile kasha liitwalo Mingo, kule Kansas, Marekani, linaachwa liishi? Lipo tangu tarehe 11 Mei 2000, ndilo kongwe kuliko yote yanayochezwa hadi leo, na kopo lililopo sasa si lile la mwanzo. Hapo nakubaliana na wanaolilinda, kwa sababu watu wanasafiri kwa ajili ya ukurasa ule na tarehe ile. Lakini la kwako la chini ya benchi si Mingo, samahani. Hata ile ndoo ya Dave Ulmer kule Oregon, ya tarehe 3 Mei 2000, iliyoanzisha mambo haya yote, haipo tena. Pale pana kibao cha kumbukumbu, na watu wanafika vilevile.

Likishafungwa, kazi inayosahaulika ni kuokota masalia. Kopo lililofungwa mtandaoni bado liko porini na ni takataka kama takataka nyingine. Lakini angalia kwanza kama halijaorodheshwa kwenye tovuti nyingine ya mchezo huu, maana yapo makasha yaliyofungwa kwenye tovuti moja lakini kwenye nyingine bado yanachezwa. Na kwa kuwa ni mali ya mtu, mwandikie kwanza kwamba utaliondoa, kisha ulitunze kwa muda, huenda yeye au ndugu yake akalitaka.

Kwa hiyo la kwako, mkuu: wikiendi hii nenda na karatasi kavu na kifuko, ule ufa uzibe kwa utepe wa gundi uwe wa muda, usiandike kwamba umelikarabati. Mwandikie mwenyewe usiku huohuo. Akijibu, omba akukabidhi. Asipojibu, mwite mkaguzi, na likifungwa uwe na kasha lako tayari la kuweka pale, lenye jina lako. Ukishaliweka nitumie namba ya kasha, nitakuja kusaini.