Tairi moja inazunguka, nyingine imelala: nibadilishe ekseli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya zamani, injini 3L ya dizeli, inasukuma nyuma tu. Nabeba viazi mviringo kutoka mashambani huku Makete hadi barabara kubwa. Mvua zikianza nakwama hata kwenye mwinuko wa kawaida. Tairi ya kushoto inazunguka mpaka inatoa moshi, ya kulia imetulia kama haihusiki. Fundi mmoja amenishauri ninunue ekseli ya nyuma ya Hilux ya foo-wili (inayosukuma tairi zote nne), mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, maana ni nene zaidi. Mwingine anasema nisipoteze hela, atanichomelea difu kwa nusu saa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, kaka. Wa kwanza hajakosea sana, ila anakuuzia unene wakati wewe unatafuta mshiko. Wa pili mwambie ahsante, na usimwachie ufunguo wa gari.

Hiyo tairi moja kuzunguka na nyingine kulala si ubovu. Ni difu ya kawaida, yaani zile gia zilizo katikati ya ekseli, inayofanya kazi yake. Ukikata kona, tairi ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani, kwa hiyo vigia vidogo vya katikati ya difu huziruhusu zitofautiane mwendo. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kuzungusha hugawanywa sawa kwa sawa, na kipimo huwekwa na tairi iliyo dhaifu. Tuseme ya kushoto imekaa kwenye tope ambalo linaweza kuipinga kwa niutoni-mita 100 tu kabla haijateleza. Ya kulia, hata ikiwa imesimama juu ya jiwe kavu, nayo itapata karibu 100 hizo hizo. Ukanyage mafuta hadi chini, utaongeza moshi tu.

Sasa fikiria umefunga ekseli ya foo-wili yenye difu ya kawaida ndani yake. Krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ni kubwa zaidi, hafushafti (chuma kinachotoka difu kwenda kwenye tairi) ni nene zaidi, na bado tairi ya kushoto itazunguka peke yake. Unene hukusaidia kubeba na kutovunjika, na hilo si dogo kwa mtu anayepakia lumbesa (najua unapakia, usinifiche). Lakini mshiko unatoka sehemu tatu: tairi zenyewe, uzito ulio juu yake, na kilichomo katikati ya difu.

Kuhusu kuchomelea, yaani kugandisha vile vigia vidogo ili tairi zizunguke pamoja. Ni kweli tairi zote mbili zitavuta, na kwenye tope utafurahi wiki ya kwanza. Tatizo linaanza ukikanyaga lami au changarawe ngumu, kwa sababu kwenye kila kona lazima tairi moja iburuzwe. Gari linakataa kukata kona, linataka kwenda moja kwa moja, na barabara zenu zina kona na makorongo. Niliwahi kuletewa pikapu iliyochomelewa hivyo: tairi za nyuma zilikuwa zimelika kama zimepigwa msasa, na hafushafti ya kulia imekatika. Kwenye ekseli za aina yako hafushafti ndiyo inayobeba na uzito wa gari. Ikikatika karibu na beringi, tairi inaondoka nayo.

Kabla hujatoa hela, jaribu vya bure. Breki yako ya mkono, ile ya kuvuta chini ya dashibodi, inakamata tairi za nyuma zote mbili. Ukianza kuteleza, ivute meno mawili matatu huku unakanyaga mafuta taratibu. Tairi inayozunguka bure sasa ina kitu cha kupambana nacho, difu inalazimika kuongeza nguvu pande zote mbili, na ile ya kwenye jiwe inapata ziada ya kusukuma. Breki ziwe zimerekebishwa vizuri, na usifanye hivyo kwa muda mrefu, utachoma liningi za breki. Ukirudi mtupu, weka mifuko minne ya mchanga ya kilo 50 juu ya ekseli, si nyuma kabisa kwenye mlango wa bodi, maana mzigo uliopita nyuma ya ekseli hunyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi. Na tairi za meno makubwa ya matope, zikiwa mpya, zitakubadilishia maisha kuliko unavyodhani. Hata difu iwe ya namna gani, tairi vipara mbili zikifungwa pamoja zitateleza pamoja.

Baada ya hapo ndipo tuingie ndani ya difu. Kwa kazi yako mimi ningechagua LSD, difu yenye sahani za klachi ndani yake zinazobana tairi mbili zisitofautiane sana. Haihitaji swichi, haihitaji kompresa, na utingo hawezi kuisahau imewashwa. Ukiikuta ya mtumba ikiwa bado ndani ya ekseli, ipime. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma juu ya stendi, kinga za mbele kwa mawe, achia breki ya mkono, ingiza gia, kisha jaribu kuzungusha tairi moja kwa mkono. Ikizunguka kilaini na mwenzake anaenda kinyume, umeuziwa ya kawaida, au klachi zimeisha. Nzima itakukatalia. LSD inataka oili yake ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa kuwa ni ya LSD. Ukiweka nyingine itanguruma na kutetemeka kwenye kona.

Difu loki kamili, kama ile ya hewa ya ARB ya Australia, inafunga tairi mbili kabisa ukibonyeza swichi na kuziachia ukibonyeza tena. Hakuna kinachoishinda kwenye tope. Bei yake, pamoja na kompresa na mipira ya hewa, mara nyingi haiendani na biashara ya viazi. Ila hapa ndipo ekseli ya foo-wili inapata maana: difu yake ya inchi 8 ina loki nyingi zaidi sokoni na spea zake hazikusumbui.

Ukiamua kwenda njia hiyo, nenda Gerezani na tepu. Pima upana kutoka uso wa ngoma hadi uso wa ngoma, na umbali kati ya vikalio vya springi. Vikipishana, vitakatwa na kuchomelewa upya, na pembe ya pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni) isipowekwa sawa, propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi difu, itatetemeka. Urefu wa propela na flanji yake navyo viangalie, pamoja na kebo za breki ya mkono. Halafu kuna jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamepata pancha usiku: ya foo-wili ina nati sita, na yako ya mbele nina hakika ni tano. Utatembea na spea tairi mbili.

Uwiano wa gia nao. Bila kufungua kitu, nyanyua tairi moja tu, gia iwe huru, izungushe mizunguko miwili kamili huku ukihesabu propela. Idadi ya mizunguko ya propela ndiyo uwiano wako. Tuseme yako ni 4.1 na ya mtumba ni 4.556. Utapata nguvu ya kupanda kama asilimia 11 zaidi, lakini kwa tairi za kimo kilekile spidomita ikisema 80 wewe utakuwa unakwenda 72, na injini itapiga kelele zaidi kwenye lami. Kwa milima yako hilo nalikubali. Mwenye foo-wili asijaribu kubadilisha nyuma peke yake: difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana uwiano, akiingiza foo-wili anavunja kesi ya gia.

Kazi ya kufunga mpe fundi mwenye geji ya saa ya kupimia mianya midogo, si anayetikisa krauni kwa kidole na kusema "imekaa". Mwanya kati ya krauni na pinioni kwenye hii ya inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18. Beringi za pinioni zikifunguliwa, ile bushi inayobonyea iwe mpya kila mara. Akimaliza, endesha mtupu nusu saa, acha difu ipoe, kisha endelea kwa upole. Oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 800. Mwombe pia azibue kijibomba cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba, difu ya moto ikiingia mtoni hunyonya maji kupitia sili, na oili yako itatoka nyeupe kama chai ya maziwa.